Pacha wa Dereva

Alhamisi, 3 Oktoba 1996

Kuna jambo nimewaficha watu wa mlima huu tangu Juni. Filamu wanayoililia kila Alhamisi sebuleni kwangu siyo ile iliyo kwenye kioo. Ni yangu. Ya kwenye kioo nimeiacha ipite.

Daktari anasema moyo umechoka, nisiitegemee mvua kubwa ya mwakani. Basi naandika. Mtu asife na uongo mdomoni, ingawa wa Alhamisi ijayo bado naufikiria.

Mambo yako hivi. Televisheni ni moja tu kutoka hapa hadi barabara ya Litein, nayo ni yangu. Mfululizo umetoka nchi za mbali, na wahusika wamebandikwa sauti za Kiingereza cha puani, kasi kama mvua ya mawe. Mimi nilikuwa mwalimu mkuu. Natafsiri. Majirani hula ninachowapakulia.

Kwenye kioo: Anselmo, dereva maskini na mwaminifu, anampenda Graciela. Babu yake Graciela, Mzee Eusebio, bahili na mwongo, anamzuia msichana asiolewe ili amtumikie mpaka kaburini. Mdomoni mwangu: Eusebio ni mtakatifu. Anselmo ni tapeli.

Sababu? Ogoti! Dereva wa lori la majani chai, Mkisii wa upande wa pili wa Sotik. Anamtaka mjukuu wangu Chepngeno, anayenichemshia maziwa na kunipa dawa. Alikuja kusema wazi, kofia mkononi. Nami siwezi kukataa. Miaka yote nilihubiri gwarideni kwamba kabila si kitu. Niliwachapa watoto waliowatukana Wakisii, na mlima mzima unakumbuka viboko vile. Kwa hiyo akatae mwingine. Baba yake Chepngeno, mwanangu, alishakufa. Amebaki binti yangu Rodah, ambaye ndiye senge, shangazi wa msichana. Senge akisema hapana, ni hapana. Na Rodah anaamini televisheni kuliko redio.

Leo Anselmo alimwokoa Eusebio mtoni. Nikasema anamsukuma. Rodah akapiga ukemi. Ogoti mwenyewe alikuwa mlangoni, kwa kuwa ndiye anayenipelekea betri kuchajiwa Litein. Akatikisa kichwa, akasema madereva wa aina hiyo ndio wanaotuharibia jina.

Chepngeno ana Kiingereza cha kidato cha nne. Bahati nzuri, chai ya wageni wote hao humweka jikoni mpaka mwisho. Namshukuru Mungu kwa majirani wenye kiu.

Ijumaa, 4 Oktoba

Matunda ya kwanza. Chepngeno amerudi kutoka kituo cha kuuzia majani uso umekunjamana. Anasema senge alimwuliza Ogoti mbele ya watu kama anajua kuogelea. Ogoti akajibu hapana, mama, kwao mito ni ya kunywesha ng'ombe. Rodah akawageukia wanawake: mmesikia? Yeye kazi yake ni kusukuma tu! Basi kila gunia lililopandishwa kwenye lori lilipanda na swali. Dereva, leo umemsukuma nani? Dereva, babu yako yu hai?

Nilisikitika kwa sauti. Chepngeno akaniuliza hasa nini kilitokea pale mtoni. Nikaanza kukohoa. Nikakohoa mpaka akaleta asali.

Kikohozi ni lugha yangu ya nne, na ndiyo ninayoimudu zaidi.

Jumapili, 6 Oktoba

Siku mbaya. Kanisani, wakati wa maombi, Rodah alisimama akaomba tumkumbuke binti mmoja anayeitwa Graciela, aliyezungukwa na mbwa mwitu. Akina mama wote wakasema amina. Mchungaji, ambaye hajawahi kufika kwangu Alhamisi, akauliza binti huyo ni wa nyumba gani. Rodah akasema Mwalimu anaijua habari yote.

Nikainuliwa kwapani. Kanisa zima likanitazama. Ningeweza kusema kweli pale pale. Nilifungua mdomo. Nikasema binti yuko hatarini, ana babu mwema asiye na mwingine wa kumtunza, na kuna mwanamume mwenye gari.

Tuliomba kwa muda mrefu. Mchungaji alitaja hasa mwanamume mwenye gari. Ogoti alikuwa benchi la nyuma, macho amefumba, akiomba kuliko wote.

Sikulala vizuri. Si kwa toba. Niliona kasoro: katika mfululizo mapenzi yanazidi. Itakuwaje Graciela akimkubali Anselmo hadharani?

Alhamisi, 10 Oktoba

Sikukuu. Balaa lilikuja na sare. Naibu wa chifu, Bethwel, alitoka moja kwa moja kwenye hotuba uwanjani, akaja kutazama. Bethwel amesoma! Alikaa kiti cha mbele, akavua kofia, akasema leo atafurahia Kiingereza chake.

Picha ilianza kucheza kidogo, si sana. Nikasema ni erieli. Nikasema mlingoti ule hautulii kwa mkono wa raia. Rodah akaitikia kwamba ni kweli, mlingoti una dharau. Bethwel akatoka kuushika. Mvua ikaanza. Kila alipopiga kelele kuuliza kama sasa ni sawa, nilimjibu kidogo tu kushoto. Picha ilikuwa safi kama kioo cha kinyozi.

Nikajipongeza mapema. Maana hapo hapo, mbele ya kanisa nusu, Graciela alimkumbatia Anselmo. Akambusu! Mabibi walifunika macho, vidole vikiwa wazi. Rodah akanigeukia. Baba, mbona anambusu mwuaji?

Nilisikia maji yakimdondokea naibu wa chifu nje. Moyo ulipiga kama lori la Ogoti kwenye mteremko. Nikasema huyo si Anselmo. Ni pacha wake. Walizaliwa siku moja, mmoja mwema, mmoja mbaya, na sura ni ile ile. Mwema alifichwa ng'ambo tangu utotoni.

Aaah! wakasema wote. Mzee mmoja akasema alishuku tangu mwanzo, kwa namna Anselmo anavyotembea.

Bethwel aliingia akiwa amelowa chapachapa. Akauliza kumetokea nini. Wakamwambia ni pacha. Akasema katika hizi filamu za nje, kila mara ni pacha.

Jumatatu, 14 Oktoba

Rodah alikuja asubuhi na mapema. Hajalala. Anasema kama wazungu wanaweza kumficha pacha, je, Wakisii? Nani ametuhakikishia kwamba Ogoti anayekuja hapa na betri ndiye Ogoti anayeendesha lori?

Nilimsikiliza kwa huzuni kubwa, huku moyo ukicheza. Nikasema kwa kweli, mwanangu, hatuijui familia yake.

Akasema amekata kauli. Ogoti alete watu wake wote. Baba, mama, ndugu, mpaka mtoto wa mgongoni. Awapange hapa uani, yeye Rodah awakague mmoja mmoja. Asipowaleta, asikanyage tena.

Nilimbariki. Ushindi! Ni familia gani itapanda gari kutoka Kisii kuja kukaguliwa kama ng'ombe mnadani?

Alhamisi, 17 Oktoba

Ogoti hajaonekana. Wala betri. Picha ilipungua mpaka ikawa kubwa kama chapati, sauti ikafa kabisa. Nikaendelea kutafsiri. Rodah akauliza nasikiaje. Nikasema nasoma midomo. Chapati nayo ikazimika. Nikaendelea tena, dakika chache, hadi nikatambua wote wananitazama mimi.

Chepngeno alisimama mlango wa jikoni na birika mkononi. Hakucheka. Akauliza kwa adabu kama Mzee Eusebio bado ni mtakatifu. Nikasema zaidi ya jana. Akarudi jikoni.

Anajua? Hajui. Hawezi kujua. Kama anajua, mbona chai haikuwa chungu?

Jumamosi, 19 Oktoba

Wamekuja!

Wote! Gari la kukodi, tena mama yake Ogoti, Nyabate, mbele na kitambaa kipya kichwani. Baba mtu, ndugu, mabinti, shangazi, mtoto wa mgongoni. Ogoti alikuwa amewaambia tu kwamba senge wa msichana anataka kuiona familia yote. Kwao wakaelewa wanaitwa kwa jambo la heshima. Nani asingeelewa hivyo?

Rodah akawapanga uani. Akapita mstari wote, akiangalia masikio na meno. Mama Nyabate akamwuliza anatafuta nini. Rodah akasema pacha. Nyabate akacheka mpaka akashika kiuno. Akasema, dada yangu, huyu mmoja alinitoa roho, wa pili ningemzalia wapi? Rodah naye akacheka. Nikaona hatari. Wanawake wakishacheka pamoja, mwanamume hana kesi.

Nilisema nahisi kizunguzungu, tuahirishe. Ogoti aliniwahi kabla ya mtu mwingine. Akanibeba kama mtoto mpaka kitini, akanifunika blanketi, akamwambia mama yake asipige kelele, Mwalimu ni mgonjwa. Wote wakaingia nyuma yetu. Wakakaa. Rodah akaleta mursik, maziwa yetu ya mgando. Chepngeno akaimimina mwenyewe, mmoja baada ya mwingine.

Kwetu, wazee wa mvulana wakishaketi kwa wazazi wa msichana, wakanyweshwa mursik na mkono wa msichana, hakuna atakayesema walikuja kuuliza njia. Baba mtu akakohoa, akaanza kuongea habari za ng'ombe. Rodah akajibu. Walinigeukia. Mama Nyabate akasema wamesikia tangu zamani habari za mwalimu aliyewatetea watoto wao. Machozi yalimtoka.

Nifanye nini? Nilisema ndiyo. Arusi ni Desemba.

Walipoondoka, Chepngeno alininong'oneza: hongera, Kugo, babu yangu, umewaalika mwenyewe. Nikamwuliza ana maana gani. Akasema maziwa yanafurika, akakimbia jikoni. Hapakuwa na maziwa motoni.

Alhamisi, 24 Oktoba

Mfululizo ulimalizika wiki ile ya giza, hatukuuona mwisho. Rodah hajali. Anasema mwisho ameuona uani.

Wamepanga kila kitu. Chepngeno na mumewe watakaa hapo Litein, si Kisii. Chepngeno atapita kuniona kila jioni, lori likimaliza mzunguko. Jioni! Na maziwa ya asubuhi je? Nilijiambia nahofia hatima ya mjukuu, mila, damu, uzee wake ugenini. Hapana. Nilihofia kuamka nikute jiko baridi. Ogoti ni mtu mwema. Nililijua hilo kabla ya Juni.

Betri aliileta leo, imejaa. Hakuuliza kitu. Alipangusa kioo kwa mkono wa shati, akaketi mlangoni pake pa siku zote. Nikaona aibu. Nikaazimia kutafsiri neno kwa neno, Mungu shahidi.

Mfululizo mpya ulianza saa moja. Nyumba kubwa, mvua, muziki wa huzuni. Mlango ukafunguliwa, kijana akaingia na sanduku, akatazama huku na huku. Rodah akauliza ni nani huyo.

Nikasema ni mchumba wa binti wa nyumba hii, lakini ana mke kwao, na watoto. Rodah akaweka kikombe chini polepole. Akauliza kama msichana anajua. Nikasema bado, atagundua kabla ya Desemba. Rodah akageuka kumtazama Ogoti.

Nauandika ukweli, kwa kuwa muda wa kuuficha sina: kijana yule alikuwa hajafungua mdomo.