Ua la Ijumaa kutoka Winnipeg

Ijumaa, 2 Januari

Hili sijamwambia mtu, hata mama. Ami Saud, ndugu yake baba aliyeko Winnipeg, Kanada, hajamwandikia Bibi neno lake mwenyewe wala kumpigia kwa miaka miwili. Kila Ijumaa hutuma picha ya ua jekundu, juu yake maneno "Jumaa Mubarak". Basi. Yote mengine natunga mimi.

Nilianza kwa huruma. Bibi ana mtoto wa jicho, kilichomo kwenye simu hakioni. Siku moja aliniuliza, ami yako kasemaje? Nikalitazama lile ua. Nikasema kasema kuna baridi kali. Bibi akacheka, akataka nirudie. Ijumaa iliyofuata ua nililisoma dakika kumi.

Mimi Rumaitha, miaka kumi na minane. Skuli nimemaliza, chuo sikupata. Nina haya kiasi kwamba muuza duka akinipa maziwa nisiyoyataka, nayachukua. Lakini nikiwa na simu mkononi mbele ya Bibi, naujua mji wa Winnipeg kuliko mtaa wetu wa Aija. Ndege sijawahi kupanda. Natazama video.

Leo baada ya laasiri Bibi na jirani yetu Bi Fakhriya walikaa kwenye kahawa yao kama kawaida, wakingoja khabari za hoki, mchezo wa kule barafuni. Timu ya mtaa wa Ami nimeiita Dubu Weupe. Leo nimewapa ushindi, manne kwa matatu. Nikaongeza kwamba mlinda mlango, Yaqoob, kaumia goti. Nilitaka tu kidogo cha kusisimua. Bi Fakhriya alishika kichwa! Kwa nini mtoto wa watu hawamvishi kitu cha maana magotini?

Kisha nikasema la kweli: kule wakati wa baridi gari huchomekwa kwenye umeme usiku kucha, injini isigande. Bi Fakhriya akaniambia nisimfanye mjinga. Yaqoob anamwamini. Waya wa gari hauamini!

Halafu mama akaingia na furaha yake. Hiba, binti wa Ami Saud, anakuja Jumatatu. Kutoka Winnipeg. Kukaa nasi siku tatu.

Nimekwisha.

Jumamosi, 3 Januari

Mpango wa kwanza: kumwandikia Hiba, kumwomba anisaidie kusema uongo. Nimeandika saa mbili nzima. Nikafuta. Nikaandika tena. Nikafuta. Mwisho nikatuma "Karibu". Kajibu kwa moyo mwekundu. Familia ya mapicha!

Mpango wa pili: kumuua Yaqoob, asiulizwe. Haufai. Bi Fakhriya atataka tumsomee hitma.

Linaloniumiza si Yaqoob. Bibi akijua maneno ni yangu, atajua pia kwamba mwanawe hana la kumwambia. Kila usiku hulala akirudia rudia yale niliyomsomea. Namsikia kupitia ukuta.

Jumapili, 4 Januari

Bi Fakhriya kaleta chupa ya mafuta ya habasoda. Hiba amchukulie Yaqoob, ajipake goti asubuhi na jioni. Nikasema walinda mlango hawaruhusiwi mafuta, watateleza. Kaniuliza, kwani barafu yenyewe haitelezi?

Nikaipokea. Chupa ipo rafuni. Inanitazama.

Jumatatu, 5 Januari

Kaja. Mrefu, mpole, na koti zito mkononi. Kafundishwa shikamoo, kaitoa kwa kila mtu, hata kwangu. Bibi alimshika uso kwa mikono miwili, hakuuachia.

Nilikuwa na mpango wa tatu, na huu ulikuwa mzuri. Kwetu, kwa mila ya kahawa ya Kiarabu, mgeni haulizwi khabari mpaka amalize kunywa. Mdogo wa nyumba ndiye anayemimina, kasimama, na mdogo ni mimi. Kutikisa finjani ndiko kusema basi; ikirudi tupu bila kutikiswa, unajaza. Hiba kakulia Kanada. Hajui kutikisa!

Nikajaza. Akanywa kwa adabu, akanirudishia. Nikajaza. Finjani ya tano akaanza kunitazama. Ya nane kope zikamcheza. Bi Fakhriya mdomo ulikuwa wazi tayari kuuliza, lakini mila ni mila, akaufunga. Ya kumi. Nilihesabu dakika mpaka magharibi, nikijua wataondoka kusali, na kesho ningebuni jingine. Ya kumi na moja ikatikisika yenyewe mkononi mwa Hiba, nikajifanya sikuona.

Bi Fakhriya hakuvumilia. "Mwanangu, hivi unataka kulala leo? Itikise hivi, huyu mtoto atakuua!"

Hiba akatikisa. Dele la kahawa likawa zito mkononi mwangu.

Swali la kwanza likawa goti la Yaqoob. Hiba akauliza Yaqoob nani. Bi Fakhriya akasema Yaqoob wenu, wa Dubu Weupe! Hiba akanitazama. Nikatazama zulia. Akasema, kwa Kiswahili chake cha pole pole, "Baba hapendi hoki. Baba anarudi kazini, analala." Bi Fakhriya akamgeukia Bibi. Hata waya wa gari ni uongo, alisema, si nilijua? Hiba akasema la, waya wa gari ni kweli. Hakuna aliyemsikiliza.

Bibi aliuliza jambo moja tu, kwa sauti ndogo. Na yale maneno ya Ijumaa?

Hiba akajibu maneno gani, baba anatuma ua.

Bibi akaomba maji. Sijawahi kuona mtu akinywa maji taratibu vile.

Alhamisi, 8 Januari

Hiba kaenda Nizwa kwa wajomba zake. Kabla ya kuondoka kaniambia hana hasira, lakini tumbo lake bado halijatulia. Mama kanisema mpaka sauti ikamkauka. Bibi anaitikia salamu yangu, anageuza uso.

Nimeapa: sitatunga tena. Kamwe!

Ijumaa, 9 Januari

Ua limekuja. Bibi kaniita. Akasema, nisomee kilichoandikwa.

"Jumaa Mubarak."

Na nini tena?

"Basi, Bibi."

Akaenda kusali laasiri, akarudi saa kumi. Miaka yote husema mtoto ndiye ampigiaye mama, si mama mtoto. Leo akaniambia nipige. Kule ilikuwa saa kumi na mbili alfajiri. Ami Saud alipokea kwa kelele, nani kafa? Bibi akamwambia hajafa mtu, lete khabari.

Ami akasema salama. Bibi akasema na nyingine? Hapo Ami akalia, mtu mzima, simu ikiwa kwenye spika na Bi Fakhriya yupo. Akasema tangu alipokosa kuja kumzika Babu alikuwa haoni aanze vipi. Kila Ijumaa huandika, huona haya, hufuta, hutuma ua.

Nilishtuka. Kumbe haya nimerithi!

Bibi akamwambia, "Anza kesho. Saa kama hii."

Jumapili, 11 Januari

Ami anapiga. Kila siku, saa kumi kamili. Tatizo ni kwamba hana mazungumzo. Jana: mgongo wake. Leo: mgongo wake, na tairi za gari za wakati wa baridi, moja moja, zote nne. Bi Fakhriya kalala akiwa amekaa. Alipozinduka kaniambia nyuma ya mlango kwamba mimi ni mwongo mkubwa, lakini angalau Yaqoob alikuwa na maisha.

Jumatatu, 12 Januari

Leo kimya cha dakika nzima. Nilitazama saa ya ukutani. Bibi anapumua huku, Ami anapumua kule. Kisha Ami akasema haya mama, basi. Akakata.

Bibi aliendelea kushika simu sikioni. Akaniuliza, safari hii uso wake ukiwa kwangu, "Nimemchosha?"

Nikasema hapana. Usingizi haunijii. Ami anaona haya zaidi kila siku. Kesho atasema ana kazi, keshokutwa atasahau, na Ijumaa litakuja ua. Haya nazijua, ndivyo zinavyofanya.

Nimemwandikia Ami ukurasa mmoja, amsomee Bibi. Si kutunga. Ni kumsaidia mtu kuanza.

Jumatano, 14 Januari

Kausoma! Mwanzo alikuwa kama mtoto mbele ya mwalimu, hata kwenye nukta alikuwa anasimama. Dhoruba ya theluji, mlango haufunguki, yumo ndani na kipande cha mkate. Bibi kasogea mbele. Kisha jirani yake, mjane wa Kipemba, Bi Yaqeen, akampitishia boko boko la moto, la ngano na nyama, dirishani kwa koleo la theluji. Hapo Ami mwenyewe akacheka, akasahau karatasi, akaanza kueleza theluji ya kweli, ya mwaka aliofika, alivyoanguka mbele ya basi zima na abiria wakampigia makofi. Hilo sikuliandika mimi! Bibi alicheka mpaka akajifuta macho kwa mtandio. Walizungumza dakika arobaini. Arobaini!

Nikajiona mtu. Dakika mbili hivi.

Bi Fakhriya hakuwa amelala. Akauliza mjane huyo umri gani, na ana watoto? Akamwambia Bibi, "Bi Ghalia, boko boko halipitishwi dirishani bure." Bibi akakaa sawa. Mwanangu, akasema, kesho nipe huyo mama nimshukuru kwa kukulisha. Na Ami, badala ya kusema simu yake mbovu, akasema inshallah!

Muda si mrefu kanitumia alama tatu za kuuliza.

Nimemjibu atulie. Kesho saa kumi kasorobo nitapanda darini na simu ya mama, Ami atatuunganisha sote, na Bi Yaqeen atazungumza. Maneno machache tu, ana mafua. Nimefanya mazoezi bafuni, bomba likiwa wazi. Kipemba sikijui, namwiga Bibi anavyowaigiza Wapemba. Mama kagonga mlango mara mbili, kauliza naumwa nini.

Safari hii haitaharibika, nimefikiria kila kitu. Nakuomba tu wewe unayesoma, yeyote uliye: usimwambie mtu. Bibi kashachagua nguo ya kuvaa kesho, na ni simu ya sauti tu.