Mikao Kumi kabla ya Ijumaa

Jumatatu, 4 Machi

Wewe uliyelifungua daftari hili, nakuomba kwa heshima ya mama yako: lifunge. Kama umeshindwa, basi soma kimyakimya bila kuchezesha midomo, na usimwambie mtu neno hata moja. Si mke, si mume, si kinyozi. Kinyozi hasa! Kazi yangu imo humu.

Mambo yenyewe ni haya. Karibu miezi sita iliyopita niliajiriwa kwa majaribio kuwa karani wa masjala katika Idara ya Mabwawa. Tuliajiriwa wawili. Nafasi ya kudumu ni moja. Mwenzangu tunamwita Stapla, kwa sababu hakuna karatasi inayompita bila kupigwa pini. Siku moja alibana ombi la likizo la mhasibu pamoja na mkono wa shati lake mwenyewe. Barua ya kuthibitishwa kazini itatoka Ijumaa, kwa mmoja wetu. Mwingine atarudi nyumbani. Kwangu mimi, nyumbani ni sebuleni kwa dada, ambaye mwaka wa pili sasa ananilaza kwenye kochi, na siku hizi akilitaja hilo kochi hutia mkazo kwenye neno “langu”.

Siku ya kujaza fomu ya ajira nilikuta kisanduku: mambo upendayo nje ya kazi. Sina. Lakini karani haachi kisanduku kitupu. Sisi wenyewe huwarudishia wananchi fomu kwa kosa hilohilo. Nikatupa macho dirishani kutafuta msaada. Kunguru alikuwa amekaa pale, ananitazama kama mkaguzi. Nikaandika: “Kutazama ndege wa porini na kupiga picha mikao na tabia zao.” Kwa mwandiko mzuri sana.

Leo Mama Mkurugenzi ameisoma! Kumbe ana wazimu wa ndege. Aliniita, akafunga mlango, akasema miaka kumi na mmoja katika idara hii hajapata mtu wa kuongea naye. Akauliza ni ndege gani nampenda zaidi. Nikasema wote, Mama, siwezi kubagua. Akafurahi. Akaniagiza Ijumaa nimletee picha kumi, mikao kumi tofauti, kila moja na maelezo: ndege anafanya nini, na kwa nini. Akasema picha hizo zitamwonyesha mimi ni mtu wa aina gani kuliko mafaili yote ya masjala.

Hilo ndilo ninaloliogopa. Kamera sina. Na ndege nawaogopa. Magoti yao yanakunjika upande usio wake.

Jumanne, 5 Machi

Kamera nimepata. Shemeji, mume wa dada, ni mpiga picha wa harusi. Dada alisema jambo moja tu: kamera ikipata hata mkwaruzo, mlango ninaujua. Shemeji ni mpole zaidi. Alinifundisha dakika ishirini. Akasema ndege ni kama bibi harusi: usimharakishe, msubiri ainue kidevu, halafu piga. Nikauliza kama ndege ana kidevu. Akanijibu hata maharusi wengine hawana, na picha zinatoka.

Mpango wa kwanza: kutokwenda porini. Niende kufanya nini, na ndege wapo juu ya paa la ofisi? Saa ya mapumziko nilipanda ngazi ya dharura, nimeshika chuma kwa mikono yote miwili na kamera kwa meno. Njiwa mmoja. Nikampiga akitazama lango. Akageuka, nikampiga akitazama choo cha wageni. Kisha akitazama mawingu. Kisha akinitazama mimi, jambo ambalo sikulipenda. Mikao minne kwa dakika sita! Nikashuka, nikafungua faili jipya, nikaliandika “NJIWA: MIKAO YA JUMLA”, nikaligonga muhuri.

Stapla akachungulia begani kwangu. Akauliza, kwa sauti ya kufika hadi kwa mlinzi, kama huyo njiwa anasafiri, maana hizo ni picha za pasipoti. Masjala nzima ikaangua kicheko. Hata mhudumu wa chai, ambaye nilidhani yuko upande wangu.

Alasiri nikamwona Stapla akitoka kwa Mkurugenzi huku anatabasamu. Amemwambia Mama kwamba yeye naye, siku hizi, ndege wanamgusa sana moyoni. Mnafiki! Mimi mwenzake ninawapenda tangu siku ya kuajiriwa, kwa maandishi.

Jumatano, 6 Machi

Ruhusa ya asubuhi. Bwawani. Nimekwenda na kamera, mwavuli wa kujificha, filimbi ya kuomba msaada, na plasta sita.

Ndege wengi kupita kiasi. Nimejitahidi. Nanukuu kumbukumbu zangu:

Mnandi, juu ya kisiki, mabawa ameyatanua yote mawili kama mtu anayepekuliwa mlangoni. Sababu: huenda ana hatia.

Korongo, mguu mmoja. Wa pili haukuonekana. Nimesubiri dakika arobaini. Haukuonekana.

Yangeyange, shingo ameikunja, halafu ameirusha majini ghafla. Nami nimejirusha, upande wa pili.

Yule korongo baadaye alianza kuja kwangu. Taratibu, mikono nyuma, kama afisa utumishi. Nikapata hofu, nikamwamkia. Shikamoo. Hakuitikia. Nikampiga picha kwa kutetemeka. Imetoka kama korongo wawili. Naihesabu moja.

Saa tatu nikaona kichaka kikisogea. Stapla! Kajifunga majani kichwani, simu mkononi, anamnyemelea mdiria aliyekuwa ametulia juu ya waya. Bado hatua tatu. Mbili. Nikapiga chafya. Naapa ilikuwa ya kweli, isipokuwa mwanzo wake. Mdiria akaruka, nami nikamdaka hewani, picha safi kabisa. Stapla akasema nina roho mbaya. Nikamwambia ni vumbi, ndugu yangu. Akasema vumbi la wapi, tumesimama kwenye maji.

Jioni nimepata na kunguru wawili juu ya ukuta, mmoja akimchambua mwenzake kichwani kama dada na mpangaji wetu wa jirani. Ukijumlisha njiwa mmoja (zile picha zake nyingine tatu nimezifuta kwa aibu), ninayo mikao saba. Bado mitatu.

Alhamisi, 7 Machi

Siku mbaya. Naandika nikiwa na kiatu kimoja.

Mpango wa leo ulikuwa wa akili: ndege mzima hukimbia, kwa hiyo nitafute asiyeweza kukimbia. Na Mungu akaniletea! Ufukweni mwa bwawa, kitwitwi mdogo, hatoshi hata kiganja, bawa moja linaburuzika kwenye tope. Anapiga kelele za kusikitisha. Amevunjika! Moyo uliniuma kweli. Pia nikaona picha tatu.

Nikamfuata. Pole, mama. Pole. Picha ya kwanza: bawa limelala chini. Akajikokota. Nikajikokota. Picha ya pili: mkia ameutandaza, anagaagaa. Kila nikikaribia hatua mbili, anapata nguvu ya hatua tatu. Nikatoa plasta mfukoni. Wakati huo Stapla ametokea nyuma, amevua shati, anasema tumfunike, tumfunike, usimwache. Kwa mara ya kwanza tulifanya kazi pamoja kama watu wazima. Tulimfuata mgonjwa wetu hatua themanini, yeye kushoto, mimi kulia, mpaka tope likatufika magotini.

Hapo mgonjwa alisimama. Akakunja bawa lake lililovunjika. Likakunjika vizuri kabisa. Akatutazama, akaruka, akapiga kona juu ya vichwa vyetu, akarudi alikotoka. Nikapiga picha ya tatu kwa mshangao tu, kidole kiliteleza.

Nimetapeliwa! Na kiumbe chenye uzito wa bahasha!

Kamera ni salama, niliinyanyua juu kichwani muda wote. Kiatu cha kulia kimebaki kule. Stapla alitangulia kutoka, akarudi ofisini, na kabla sijafika alikuwa ameshamwambia Mama Mkurugenzi kwamba nimemkimbiza ndege majeruhi mpaka akakata tamaa. Shati lake, plasta zangu, hakuvitaja. Mama kasema atatuona wote wawili kesho saa nne.

Nimewaza kuzificha zile picha tatu. Lakini bila hizo nina saba, na aliagiza kumi. Nimeziweka. Maelezo: “Ndege mgonjwa. Alipona.”

Dada ameuliza kama kesho nitahitaji maboksi ya kufungashia.

Ijumaa, 8 Machi

Saa nne kamili.

Stapla akatangulia. Alikuwa na picha tisa, zimebanwa pini kila kona. Nane ni za kidole gumba chake. Ya tisa ni mimi ndani ya tope, mdomo wazi, plasta mkononi. Inapendeza, lazima niseme. Kisha akaeleza kwa huzuni jinsi nilivyomtesa ndege asiye na msaada.

Mama akavuta za kwangu. Kwenye korongo akasema mguu haukupotea, mwanangu, ameukunja tumboni. Kwenye mnandi akasema anakausha mabawa, hana kesi. Nikajua nimekwisha. Akafika kwenye zile tatu. Akavua miwani. Akaivaa. Akazipanga mezani moja baada ya nyingine.

Akasema huyu hakuwa mgonjwa. Hujifanya amevunjika ili amvute adui mbali na kiota. Kwa hiyo kipo kiota! Hapa, kwenye bwawa letu! Miaka sita anatafuta ushahidi huo. Akaniuliza, taratibu, kama nilijua wakati ule kwamba ndege ananidanganya.

Palikuwa na nafasi ya kusema kweli, pana, imenyooka, hakuna mtu aliyesimama ndani yake.

Nikasema nilijua, Mama. Nilimfuata ili nisimvunje moyo.

Alicheka mpaka akafuta machozi kwa kopi ya waraka. Halafu akafungua droo akanipa barua. Nimethibitishwa! Jina langu, muhuri, sahihi! Stapla ameongezewa miezi mitatu ya majaribio, akae kwenye meza yangu.

Nikauliza, kwa adabu, mimi nitakaa meza gani.

Akasema mtu kama mimi ni dhambi kumfungia masjala. Jumanne nahamia kituo cha kuhesabia ndege, kile kisiwa kidogo katikati ya bwawa. Ndege elfu nne, mlinzi mmoja, mtumbwi mmoja. Akasema mtumbwi wenyewe ni mwepesi kidogo, umewahi kupinduka mara mbili, lakini bila shaka najua kuogelea?

Nikasema Mama, mimi na maji tumenyonya ziwa moja.

Jumamosi, 9 Machi

Sijui kuogelea. Asubuhi nimejaribu kwenye beseni la kufulia. Uso tu. Dada amenivuta kwa kola.

Mpango upo, na ni mzuri. Msomaji, kama hukulifunga daftari, basi walau nisaidie. Ukimjua mtu anayefundisha kuogelea kwa siku mbili, kwa siri, katika maji yasiyozidi kiuno, anitafute kabla ya Jumanne. Asipige simu ya ofisi: Stapla ndiye anayepokea. Aje studio ya shemeji, mlango wa nyuma, agonge mara mbili, aseme ameleta mapazia. Nitafungua mwenyewe. Nitakuwa nimevaa bukta.

Akichelewa, aandike. Mwenye mtumbwi hupeleka barua kisiwani kila Jumanne. Bahasha iandikwe “Karani, Kituo cha Ndege”, na tafadhali ifungwe ndani ya mfuko wa nailoni, tena iwe miwili, maana sijui nitaipokea nikiwa juu ya maji au chini yake.