Dira Kwenye Kompyuta ya Bi Drahomíra

Radovan Holoubek hakuwa mwizi. Mwizi huvunja mlango. Radovan alifunguliwa, akaombwa avue viatu, akapewa kahawa na keki, na aliondoka akishukuriwa.

Alasiri ile alikuwa kwenye baa moja ya mji wa Plzeň, bia mkononi na sikio kwenye meza ya jirani, ambako wasaka-masanduku walikuwa wanaomboleza. Hawa ni watu wazima, wenye akili zao timamu, wanaotumia setilaiti kutafuta visanduku vilivyofichwa misituni. Wakikipata kimoja wanaandika majina yao kwenye kijidaftari kilichomo, wanakirudisha palepale, na wanakwenda nyumbani wakiwa na furaha isiyo na sababu.

"Miezi mitatu ya hesabu zangu imo ndani ya Dira, ile programu yangu ya ramani," alisema bibi mmoja mwenye mvi fupi, kwa sauti ya kutosha meza nne. "Kompyuta ya zamani imekufa. Hii mpya aliyoniletea binti yangu ni ya aina nyingine kabisa. Nikiiwekea Dira, inasema haiijui."

"Na sanduku la Peroutka?" mwenzake akauliza.

"Nimeshalifumbua fumbo lake. Mahali penyewe pamo humo humo."

Radovan akaiweka bia chini. Mji mzima ulijua habari za Peroutka, sonara mstaafu, aliyeficha sanduku lenye herini za garneti, vito vyekundu vya thamani, ziwe za atakayeandika jina lake mstari wa kwanza. Kwa bei za garneti Radovan alikuwa hafidhi.

"Samahani, mama," alisema akivuta kiti. "Mhandisi Holoubek, wa kompyuta. Sikukusudia kusikiliza."

"Mhandisi," bibi akaitikia kwa heshima, kwa maana nchini kwao shahada haipiti bila kusalimiwa. "Mimi ni Drahomíra Šedivá. Nilikuwa mpima ardhi. Miaka kumi na moja nimo kwenye mchezo huu na sijawahi kuwa wa kwanza hata siku moja. Nikifika, nakuta kijana wa baiskeli ameshaandika. Goti hili."

"Nitakutengenezea Dira. Sitaki hata senti."

"Mungu akubariki," alisema bibi, na akamtazama kwa namna ambayo Radovan aliichukulia kuwa ni shukrani.

Kazi yenyewe haikuhitaji mhandisi. Ipo mtandaoni programu ya bure ambayo kazi yake ni ukalimani: Dira inasema kwa lugha yake, mkalimani anaitafsiria mashine, na Dira inaendelea kuamini kuwa ipo kwao. Programu inayolaghai programu nyingine ili mambo yaende. Radovan aliipenda mara moja, kama ndugu.

Siku ya kwanza Dira ilifunguka ikiwa na miraba mitupu badala ya herufi. Siku ya pili herufi zilikuja, lakini masanduku yote ya Plzeň yalionekana baharini, kusini ya Ghana.

"Nitahitaji mtumbwi, Mhandisi?" aliuliza Bi Drahomíra.

"Ni koma, mama. Mashine yako inaandika desimali kwa koma, kama sisi sote. Dira inataka nukta."

Siku ya tatu, baada ya jasho ambalo hakuwahi kulitoa kwa kazi halali, masanduku yalirudi nchi kavu. Bi Drahomíra akaenda jikoni kukata keki, akakaa huko muda mrefu kuliko keki ilivyostahili. Radovan akachomeka flashi, akanakili kila kitu.

Asubuhi iliyofuata alikuwa msituni. Maelezo ya bibi yalikuwa safi ajabu: mwamba gani, njia ya nyuma ipi, mwanya wa kupita kwa tumbo, na kamba ya mita kumi na mbili. Radovan alijikwaruza tumbo, akatokea juu, na chini ya mawe akalikuta sanduku la chuma. Alitaka kulifungua, lakini akasikia watembezi nyuma ya miti, na mjanja hafungui mzigo mbele za watu. Wala mwanya ule haukuweza kupitisha mtu na sanduku. Basi akalifunga kamba, akaanza kulishusha upande wa mbele.

"Taratibu, Mhandisi," ilisema sauti kutoka chini. "Usiligonge."

Bi Drahomíra alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, chupa ya chai miguuni. Akalipokea sanduku, akalifungua.

"Mama, hilo ni langu. Nimelipata mimi."

"Umeandika jina?"

Radovan akachungulia ukingoni. Kuzunguka hadi chini kulikuwa nusu saa, na kuruka kulikuwa hospitali.

Bibi aliandika polepole, herufi kwa herufi. Machozi yalimtoka na hakuyaficha. Kisha akavaa herini.

"Ulijua," alisema Radovan.

"Ningemwomba mtu wa chama chetu cha wasakaji, angeandika jina lake huko huko juu. Nilihitaji mtu anayejali vito kuliko daftari. Wiki mbili nimelia kwenye baa ile kwa sauti, mwanangu. Nilishaanza kudhani Plzeň imeishiwa matapeli." Akalifunga sanduku kwenye kamba. "Vuta. Linarudishwa lilipokuwa, ndiyo kanuni. Na anayetoa kitu huweka kitu, kwa hiyo nimekuwekea. Dira inafanya kazi vizuri sana, ahsante."

Akakunja kiti chake, akaondoka akichechemea kuelekea kituo cha basi, herini zikimeremeta kila hatua.

Radovan alikaa juu ya mwamba akiwa na hasira, halafu akiwa na njaa. Akavuta kamba. Ndani ya sanduku mlikuwa na kipande cha keki ya mbegu za mpopi, kalamu, na daftari lenye jina moja. Alikula keki yote. Kisha akaandika jina lake mstari wa pili, akalirudisha sanduku na kulifunika vizuri kwa mawe, kwa sababu wengine watakuja.

Kalamu akaitia mfukoni. Na yeye alikuwa na kanuni zake.