Benchi la Kinyozi Baada ya Kimbunga

Jumatatu, 3 Machi

Kimbunga kimepita. Kimeondoka na paa la choo, mabati ya mbele ya kibanda changu cha kunyolea na umeme wa mtaa mzima. Nguzo imelala barabarani kama mlevi. Kioo kizima. Benchi la wateja zima. Mashine nzima pia, ila bubu.

Umeme ulikatika nikiwa katikati ya kichwa cha Mwalimu Mkuu. Kulia tayari, kushoto msitu. Nilimwambia avumilie, utarudi sasa hivi. Alivumilia mpaka mabati yakaanza kuruka. Leo nimemwona kwa mbali, kajifunga taulo kichwani. Nikajifanya natafuta kitu chini.

Mke wangu yuko kwa binti yetu, analea mjukuu. Aliniaga akasema anakwenda mara moja. Mara moja gani hii! Bila redio nyumba imekuwa kubwa mno. Nimekula nimesimama, nikalala na viatu.

Jumanne, 4 Machi

Hakuna mteja. Hilo ningelimeza. Lakini hata wale wasionyoa hawakuja! Miaka yote watu hukaa kwenye benchi langu kupiga soga tu, wenye vipara wakiwa mstari wa mbele. Leo wote wako ng'ambo ya barabara, kwa Mama Cherehani. Cherehani yake ni ya kukanyaga, haijui umeme ni mdudu gani. Anashona maturubai yaliyopasuka, mapazia, mahema, kila kitu. Watu wamekalia ndoo na matofali, wanacheka. Kutoka hapa maneno hayasikiki. Vicheko tu.

Mwalimu Mkuu yuko katikati yao na kofia mpya. Kashonewa na yule mama, kwa kipande cha pazia. Imempendeza, na hilo ndilo linaloniuma.

Ningeweza kuvuka. Barabara yenyewe ni nyembamba. Lakini mtu mwenye benchi lake anakwendaje kukalia ndoo ya mwenzake?

Jumatano, 5 Machi

Mpango! Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, pikapu yake imeangukiwa na mti, ila betri imepona. Nimeiazima, pamoja na kile kisanduku cha kugeuza umeme wa betri. Nikasimama mlangoni nikatangaza kwamba kinyozi ana umeme.

Walivuka wote! Benchi likajaa, wengine wakasimama. Nilifurahi mpaka nikasahau nilichotaka kusema. Nikamkalisha Mwalimu Mkuu mbele ya kioo, hadharani, nimalize kazi.

Shemeji alikuwa amenionya niwashe mashine peke yake. Nikaona ni roho mbaya tu. Nikaongeza redio, feni na taa zote za kuzunguka kioo. Nilitaka waone. Wakaona. Mashine ilianza kuguna, ikaacha kukata nywele ikawa inazing'oa. Mwalimu Mkuu akapiga ukelele ambao hata wanafunzi wake hawajawahi kuusikia. Kisha feni ikatoa moshi.

Sasa kushoto kwake kuna msitu wenye njia katikati. Kavaa kofia yake, karudi ng'ambo. Benchi zima likamfuata.

Alhamisi, 6 Machi

Nguvu kidogo iliyobaki kwenye betri nimeichajia simu. Haikupita muda, mke wangu akapiga. Alikuwa akinitafuta tangu kimbunga. Sauti ilimkatika kidogo. Akauliza kama niko peke yangu. Akasema kama niko peke yangu, Jumamosi anapanda basi, mtoto atabaki na bibi yake mwingine.

Mimi? Peke yangu? Nikamwambia hapa pamefurika watu, hata pa kuweka mguu hakuna. Akasema basi ni vizuri, yeye ataendelea kukaa. Nikamwambia akae tu, asiwe na wasiwasi.

Simu ikazima. Nilitegemea aseme anakuja hivyo hivyo. Kwa nini hakusema? Mtu umeishi naye miaka yote hiyo!

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda stendi kuangalia basi. Si kwamba namtegemea mtu. Nilikuwa napita tu. Abiria wote wakashuka. Nikamsaidia mama mmoja nisiyemjua kushusha begi, nikarudi nyumbani.

Jumapili, 9 Machi

Umeme umerudi! Mafundi wamesimamisha nguzo, taa zikawaka, mtaa ukapiga makofi. Nikafuta benchi vumbi, nikapanga taulo, nikangoja umati.

Umati ulikimbilia majumbani, kwenye redio na friji zao. Hakubaki mtu hata kwa Mama Cherehani. Alikuwa amekaa peke yake kati ya ndoo tupu. Akanipungia mkono, akauliza kama nakunywa chai. Nikamjibu nina kazi nyingi. Nikafagia nywele ambazo hazikuwepo.

Jioni alikuja Mwalimu Mkuu. Nikamnyoa upande uliobaki. Alipoinuka alisema siku zote zile waliniwekea ndoo yangu, ya bluu, karibu na cherehani. Hawakutaka mtu aikalie. Mwishowe wakadhani naringa.

Nikamwambia mimi si mtu wa ndoo. Alipoondoka nililia kidogo. Sabuni ilikuwa imeniingia machoni. Hapana, haikuwa sabuni.

Jumatatu, 10 Machi

Mpango mpya, na huu hauna tundu. Mama Cherehani ni mjane. Nimemwomba shemeji ampigie dada yake, aropoke kama bahati mbaya tu, kwamba yule mama ananiletea chai kila jioni. Wivu utampandisha basi la kwanza. Shemeji akauliza kwa nini nisimwambie tu kwamba nimemkumbuka. Shemeji hajui mambo ya ndoa.

Nimefua shuka. Nimetandika upande wake vizuri.

Jumanne, 11 Machi

Shemeji amepiga, majibu yamekuja. Mke wangu amefurahi sana! Amesema ameshusha pumzi, kumbe napata mtu wa kuniangalia. Amemtumia Mama Cherehani salamu nyingi. Yeye atakaa huko mpaka mjukuu aanze kutembea. Mtoto mwenyewe hajaanza hata kukaa.

Jioni alipiga mwenyewe. Akauliza, polepole, kama kweli sihitaji arudi. Nikayaona maneno yote yako tayari mdomoni. Nikamwambia sina nafasi ya kuongea, watu wananisubiri. Nikakata.

Nikaenda kukaa kwenye benchi langu, katikati, ili lisionekane tupu.

Shemeji nimeshamwandaa ampigie tena dada yake. Kesho naanza kuumwa.