Shimo Lisilokauka

Jumatatu, 3 Machi

Mungu ni mwema. Tangi la majitaka limekamilika, choo cha kukalia kimefungwa chumbani kwa mama mkwe, na mwenyewe anahamia kwetu Jumamosi ya wiki ijayo. Magoti yake yamegoma. Choo cha nje cha kuchuchumaa hakiwezi tena. Kiwanja hiki alitupa yeye. Choo ni kidogo kuliko shukrani zangu, lakini ndicho nilicho nacho.

Limebaki jambo dogo: mitaro ya kunyonyea maji yanayotoka tangini. Bwana afya anataka kupima udongo kwanza. Nichimbe shimo, nilijaze maji, yeye Ijumaa aje aone yanavyozama. Nimechagua kona ya chini, nyuma ya kisima, wageni wasiione. Mke wangu aliuliza kama si karibu mno na kisima. Nikamwambia aniachie mambo ya kitaalamu. Nimechimba mwenyewe. Kiuno changu!

Jumanne, 4 Machi

Hatari! Maji niliyojaza jana yamo vilevile. Udongo usipoyanywa, bwana afya atakataa, na mama mkwe atarudi kuchuchumaa. Dawa? Kuyachota. Nikayachota yote, nikaenda kazini napiga mluzi. Akili ni mali.

Jioni: limejaa tena!

Nani? Swali gani hilo! Jirani yangu, fundi cherehani. Tangu nifunge choo cha kukalia kabla yake, salamu zake zimekuwa fupi.

Alhamisi, 6 Machi

Jana jioni nilichota tena, nikamwaga majivu kuzunguka shimo ili mhalifu aache nyayo. Asubuhi: majivu hayana hata unyayo, shimo pomoni. Kumbe anapitisha mpira juu ya ukuta!

Nikamwendea, nikamwambia nimeshamjua. Akasema bomba lake halijatoa maji tangu Jumapili, na alikuwa anaona haya kuniomba ndoo mbili za kisima. Mwongo hakosi hadithi. Ndoo nilimpa, zangu mwenyewe, zikiwa zimejaa. Lakini nilimkazia macho.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya kupimwa. Kulipokucha niliingia shimoni nichote mpaka dakika ya mwisho. Nilipokaribia kumaliza, mguu wa kulia ukazama kwenye tope, ukakataa kutoka. Niliona aibu kupiga kelele. Maji yakapanda kutoka vifundoni, polepole, mpaka magotini. Hata hapo nilikuwa natazama ukutani natafuta mpira.

Aliyenisikia nikiguna ni fundi cherehani. Aliruka ukuta, akanishika kwapani, akavuta. Nilitoka. Kiatu kikabaki. Bwana afya akatukuta tumelala chali wote wawili.

Aliitazama suruali yangu, ilipolowa na ambapo haikulowa, akasema rula ya kupimia maji haihitajiki tena. Akasema hakuna aliyemwaga kitu. Maji ya ardhini yako karibu sana pale, yanapanda yenyewe, na ndiyo hayohayo yanayoingia kisimani. Mitaro ningeiweka pale, mama mkwe angekunywa uchafu wetu kwenye kikombe.

Nilikaa kwenye tope. Niliogopa kwelikweli. Nilimshukuru bwana afya mpaka akaniomba nimwachie mkono. Shimo la chini kaamuru nilifukie. Jipya nichimbe upande wa juu, mbali na kisima, palepale nilipopanga kujenga kibanda changu cha kupumzikia. Kwaheri kibanda.

Jumamosi, 15 Machi

Shimo la juu lilifaulu. Maji yalizama taratibu, kama inavyotakiwa. Fundi cherehani alikuja kuchimba mitaro nami bila kuombwa, na koleo lake mwenyewe. Nilimwomba radhi. Akasema yamekwisha, jirani ni ndugu.

Leo mama mkwe kafika. Aliingia chooni. Tukasikia maji yakivutwa. Kisha tena, bila sababu. Alitoka anafuta macho, akasema mwanangu, leo sikushika ukuta. Nililia na mimi, mbele ya watu. Asante Mungu, asante bwana afya, asante jirani! Sitamshuku mtu tena maishani mwangu.

Jumatano, 26 Machi

Shimo la chini sijalifukia. Mtu mwenye akili hafukii shimo linalojijaza lenyewe! Nimetia samaki. Wadogo, lakini wana hamu ya kukua. Hata mke wangu hajui.

Mvua hakuna, jua kali wiki nzima. Leo asubuhi nimechungulia: maji yamepungua shibiri nzima. Samaki wamebanana chini, wamezunguka kiatu changu.

Nikatazama ukuta wa fundi cherehani. Nyanya zake zimenawiri kupita kiasi. Na zile ndoo zangu mbili bado ziko kwake.

Majivu nimeshayachekecha.