Mapishi ya Marehemu Bi Pruitt

Dewey Pruitt aligundua kwamba matajiri wa Austin wana njaa siku alipokaa kwenye ukuta mfupi nje ya jimu moja kubwa, akisubiri mjinga wa kumwingiza mjini. Mwenye jimu, Brock Haverty, mtu mwenye mikono minene kama mapaja ya ndama, alitoka nje na kisanduku cha plastiki. Ndani mlikuwa na kidari cha kuku kilichochemshwa bila chumvi. Alikitafuna kama mtu anayetumikia kifungo.

"Nani kakukosea, kaka?" Dewey akamuuliza.

Brock akaeleza. Yeye na wanachama wake wote walikuwa wameapa kula paleo, yaani kama watu wa mapangoni: nyama, mayai, mboga, lozi. Mkate marufuku, maharage marufuku, maziwa na sukari ndiyo usiseme.

"Tunajua kunyanyua vyuma, kupika hatujui," alisema. "Ningepata mtu wa kunipikia nyama ya maana, nyama ya nyumbani yenye mchuzi wake, ningemlipa bila kuuliza bei."

"Mke wangu anapika hivyo hivyo," Dewey akasema. "Kila siku. Mimi mwenyewe mbavu za ng'ombe zimeshanichosha."

Hapa ijulikane kwamba Dewey hakuwa na mke. Hata sufuria hakuwa nayo. Alikuwa na ulimi tu, na ulimi wake ulizoea kutangulia, yeye akaufuata nyuma akitafuta maelezo.

Alirudi mtaani akiwaza nyama itatoka wapi. Mbele ya nyumba ya jirani akaona akina mama wa kanisa wanapanda ngazi wamebeba masufuria yaliyofunikwa. Jirani alikuwa amefiwa. Ndivyo mtaa ule unavyoishi: mtu akifa, chakula kinafika kabla ya maua. Dewey akawasogelea, akavua kofia taratibu. Mke aliyempata asubuhi akamzika kabla jua halijazama.

Kesho yake mlango uligongwa. Alikuwa Dada Verlene Stubblefield, mkuu wa jiko la kanisa, mjane mfupi mwenye macho yasiyokosa kitu.

"Pole, mwanangu. Alikuwa anaitwa nani?"

"Marigold."

"Jina zuri. Mbona sikuwahi kumwona?"

"Alikuwa mtu wa ndani sana, Dada."

Verlene akaguna kwa huruma, akainua mfuniko wa sufuria yake. Ilikuwa tambi na jibini. Dewey akafuta jicho ambalo halikuwa na kitu.

"Daktari amenikataza ngano. Na maziwa. Na maharage. Na sukari."

"Sasa tukupikie nini, kokoto?"

"Nyama tu, Dada. Nitajikaza."

"Maharage si neno," Verlene alisema. "Mchuzi mwekundu wa Texas ukiutia maharage, marehemu mwenyewe anafufuka aje kukusema. Haya mengine tutayatafutia njia."

Na njia ikapatikana. Verlene alileta mbavu za ng'ombe alizozikaanga kwanza pande zote mpaka zikawa kahawia, ndipo akazitia vitunguu na mchuzi wa mifupa, akaziacha kwenye oveni mpaka nyama ikaachana na mfupa yenyewe. Dada Ernestine, rafiki yake mwenye mwili mkubwa na moyo mkubwa zaidi, alileta madonge ya nyama ya kusaga, badala ya mkate akayashikisha kwa yai na unga wa lozi. Wengine wakaleta kidari cha ng'ombe kilichofukizwa moshi, nguruwe kwa tufaha, na ule mchuzi mwekundu wenye pilipili kavu. Dewey alipokea kila sufuria kwa kuinamisha kichwa. Mlango ukifungwa, alipakua chakula kwenye visanduku, akavibandika karatasi iliyoandikwa "Kutoka jikoni kwa Bi Pruitt," akapeleka jimu.

Watu wa jimu walilia kwa furaha. Mmoja alilamba kisanduku.

Lakini huzuni ya majirani nayo ina mwisho. Masufuria yalianza kupungua, akabaki Ernestine peke yake na bakuli la supu. Dewey akaona hana budi. Akamuua mama mkwe.

"Familia yenu wanakufa kwa foleni," Verlene alisema, akiwa na kidari kingine mikononi.

"Hakuweza kuishi bila Marigold."

"Daktari naye alimkataza nini, kupumua?"

Dewey angeweza kuendelea hivyo mpaka kwa shangazi na wajomba, ila Brock alimwita pembeni na kumwonyesha chumba upande wa nyuma wa jimu. Kilikuwa jiko jipya, lina majiko mawili makubwa, friji refu, na dirisha la kuuzia.

"Jumamosi ni sikukuu ya jimu. Mkeo akilisha watu wote, jiko hili lenu. Asipoweza, yupo jamaa wa kuku wa kuchoma anang'ang'ania."

Dewey alilitazama lile dirisha mpaka macho yakamlowa, safari hii kweli. Maisha yake yote alikuwa amekula kwa ujanja wa siku moja moja. Jiko hili ni ujanja wa kudumu. Angekaa ndani kwa heshima, jina lake juu ya mlango, na mtu mwingine apike.

Jioni hiyo alikuwa kwa Verlene.

"Jumamosi tunawakumbuka wote wawili. Ukoo mzima unakuja kutoka Oklahoma. Nao ngano hawagusi."

"Hata waliooa tu humo?"

"Waliambukizwa, Dada."

Verlene akachukua simu na kuanza kuwaita wenzake.

Mpango wa Dewey ulikuwa rahisi: masufuria yafike kwake, akina mama waondoke, apakie kwenye gari. Hakukumbuka kwamba kwa wanawake wale mfiwa habebi hata kijiko.

"Shughuli iko kwenye ukumbi wa mazoezi," alijaribu. "Nitapeleka mwenyewe."

"Utakaa utulie," Verlene alisema. "Sisi tutapakua."

Basi dogo la kanisa likamfuata mpaka jimu. Wakashuka akina mama wenye magauni meusi na kofia za Jumapili, wakajikuta mbele ya watu wa kaptura wanaotoka jasho.

"Hawa wamekuja msibani na nguo za ndani?" Ernestine akanong'ona.

"Ndivyo walivyo Oklahoma," Dewey akajibu, akakimbilia kwa Brock. "Wale ni wapishi wasaidizi. Usiwasemeshe, wana aibu."

Ernestine hakuwa na aibu. Alimwona kijana mmoja ametoka kunyanyua chuma cha mwisho, amepiga magoti, machozi yanamtoka. Akamkumbatia.

"Lia, mwanangu. Usijizuie."

"Siwezi tena, mama."

"Utaweza. Ulikuwa naye karibu?"

"Kilinidondokea kifuani kabisa."

Dewey akawatenganisha kwa sahani ya mbavu. Kwa muda ilionekana atapona. Watu walikula, wakanyonya mifupa, wakarudi tena na sahani. Akina mama waliwasikitikia kwa namna wanavyofakamia. Ndipo Brock akapanda juu ya benchi na ufunguo mkononi.

"Jamani, wiki zote hizi Bi Pruitt ametulisha kutoka jikoni kwake. Zile mbavu, yale madonge yenye lozi, ule mchuzi mwekundu. Dewey, mlete mkeo nimkabidhi ufunguo. Yuko wapi?"

Dewey alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza maishani ulimi haukutangulia.

Verlene alishusha mwiko. Akazitazama mbavu zake, akautazama ufunguo, akamtazama Dewey kuanzia viatu kwenda juu. Alikuwa ameivisha nyama muda mrefu wa kutosha kujua wakati wa kuepua. Akajifuta mikono, akapita katikati ya watu na kumshika Dewey mkono.

"Mimi hapa," alisema.

Brock akamwangalia yule mjane mwenye mvi, kisha Dewey. "Sikujua."

"Hata yeye bado anazoea."

Makofi yakapigwa. Ufunguo ukaingia kwenye mkoba wa Verlene, nao mkoba ukafungwa. Ernestine alishaelewa kwa mwendo wake wa taratibu, na alikuwa anakunja mikono ya gauni. Dewey akautafuta mlango kwa macho, lakini njiani alisimama Brock na nusu ya jimu, wamejaa shukrani na misuli.

"Dada Verlene," akanong'ona, "tuelewane. Nusu kwa nusu."

"Mfiwa hapatani bei na marehemu."

"Nitawaambia ukweli."

"Waambie. Mimi nimeshakufa, utanifanya nini?"

"Mbusu mkeo, kaka," mtu akapaza sauti, na wengine wakadakia. Dewey akainama, akambusu Verlene shavuni. Lilinukia moshi wa kidari.

"Asante, mume wangu," Verlene alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Sasa vua koti. Mle ndani kuna gunia la vitunguu, na leo utalia kihalali."