Pasipoti Ndani ya Kiti

Jumatatu, 3 Machi

Vibaka wa treni wamemchomolea mpishi wa ghorofa ya chini pasipoti yake. Mchana kweupe! Hakusikia hata mkwaruzo. Roho imeniruka. Alhamisi naenda uhamiaji kugongewa muhuri wa kibali, na bila muhuri huo mama watoto hapati ruhusa ya kunifuata huku ugenini. Mwaka mzima nakula mayai yaliyounguzwa na kaka yake. Pasipoti hii haiguswi.

Huyo kaka yake, shemeji yangu, tunaishi chumba kimoja. Yake anatembea nayo kwenye mfuko wa shati. Nimemwonya. Akasema mfuko wenye kifungo unatosha. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Shemeji ana kipara.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata! Mimi fundi wa makochi, nahangaika nini? Wenzangu walipokwenda kula, nikafumua kiti changu cha karakana, kile ninachokikalia kutwa. Nikaisukuma pasipoti katikati ya sponji, nikashona. Mshono safi. Kibaka gani ataiba kiti nilichokikalia?

Nimerudi kwa treni mifuko mitupu, napiga mluzi, nikimkazia macho kila mwenye sura ya wizi. Mmoja alikuwa mkaguzi wa tiketi. Tiketi yangu ya mwezi iko ndani ya pasipoti. Nimelipa faini.

Jumatano, 5 Machi

Bosi alinituma misumari. Kurudi, kiti hakipo! Akanieleza kwa furaha kwamba oda ya viti vya ofisi fulani ilipungua kimoja, basi akachukua changu, akakivika kitambaa kipya cha buluu, na gari limeshaondoka. Nikauliza ofisi gani.

Uhamiaji.

Sikumwambia kitu. Bosi ana mdomo. Shemeji alipouliza, nikamjibu pasipoti iko salama, iko serikalini. Si uongo.

Alhamisi, 6 Machi

Ukumbi umejaa viti vya buluu, vyote sawa. Lakini changu nakijua, kinazama kushoto. Nikaanza kukalia kimoja baada ya kingine, nikiwaomba watu wasimame kidogo. Mlinzi akauliza nina nini. Nikasema mgongo. Akaanza kunifuata.

Kikabaki kimoja. Amekikalia mama mmoja mwenye kikapu, kainamia kushoto. Nikamwamkia, nikamwomba tubadilishane. Akakataa. Akasema hajawahi kukalia kiti kizuri hivi, na aliyekitengeneza abarikiwe. Nilifurahi, sifichi. Hapo hapo namba yangu ikaitwa.

Afisa akanyoosha mkono bila kuinua macho.

"Pasipoti."

"Imetangulia, mheshimiwa," nikasema. "Mama yule ameikalia."

Akainua macho. Nikamweleza yote, jasho linanitiririka. Alicheka mpaka akavua miwani. Mama aliposikia mimi ndiye fundi, akainuka mwenyewe. Mlinzi akaleta mkasi. Pasipoti ikatoka na makombo ya sponji, na muhuri ukagongwa! Nikakishona kiti palepale, maana sindano haitoki mfukoni mwangu, na mama akakaa tena.

Nikampigia mama watoto. Akalia, nami nikalia. Kisha akasema, "Baba, iweke mfukoni kama watu." Nikamwitikia.

Jumamosi, 8 Machi

Mfukoni! Mama watoto hazijui treni za huku.

Nimelifikiria sana jambo hili. Kosa lilikuwa kiti. Kiti cha karakana hakina mwenyewe, koti lina mwenyewe. Na ni nani hajawahi kuibiwa hata kitambaa cha jasho? Shemeji! Alipoingia kuoga, nikaishona ndani ya bitana ya koti lake la baridi, mgongoni. Sikumwambia. Siri ya wawili si siri.

Kesho anakwenda nyumbani likizo. Anafungasha huku anaimba. Begi lake likagoma kufunga zipu, akaniita nimsaidie. Nikalikalia kwa uzito wangu wote mpaka likafunga. Nyumbani joto tupu, sijui kajaza nini kinene hivyo.